Mtindi wa mbuzi ukitoka majimaji, hesabu miezi tangu azae

Kwa tunaofuga mbuzi wa maziwa huku Pemba: andika kwa mkaa kwenye boriti ya banda tarehe aliyozaa kila mbuzi. Maziwa ya mtindi yatoe kwa aliyevuka mwezi wa 6, na ya chai na uji kwa aliye mwezi wa 2 au wa 3. Siku za mwanzo ni dang'a, nzito na ya manjano. Hiyo ni haki ya mwanambuzi, na ukiibandika jikoni inagandana sufuriani. Halafu maziwa huongezeka hadi kilele, kiasi cha wiki ya 4 hadi ya 8, na kadiri yanavyozidi ndivyo mafuta na protini zinavyopungua ndani yake. Ndiyo maana mtindi haushiki hata ukiutia chachu nzuri. Mbuzi akianza kupunguza, vyote viwili hupanda tena. Nilibadilisha mbuzi tu, chachu ileile, na sasa nikiinamisha bakuli mtindi hautiririki, unameguka kwa kijiko.

Haifai akikaribia kukauka: sukari ya maziwa hushuka na ladha huwa ya chumvichumvi, basi yachanganye na ya mbuzi mwengine. Lakini chumvi ikitoka chuchu moja tu, au ukaona mabonge na kiwele kina joto, hapo si suala la miezi. Ni ugonjwa wa kiwele. Mwite daktari wa mifugo, na maziwa hayo asinywe mtu.