Unataka kufundisha Kiingereza chuo kikuu hapa Dar? Anza hivi

Wadogo zangu mnaosoma ualimu wa Kiingereza au isimu, nianze na GPA maana hapo hakuna ujanja. Vyuo vya umma wakitangaza nafasi ya TA (tutorial assistant, ngazi ya kuanzia ya ualimu wa chuo) wanataka 3.8 ya digrii ya kwanza, mhadhiri msaidizi masta isishuke 4.0, sasa wewe ukija kuamka mwaka wa tatu ndo basi tena. Matangazo yanapitia Ajira Portal, tovuti ya serikali ya kuombea kazi, akaunti iwe tayari. PhD ndo inakupa cheo cha mhadhiri, ila hiyo safari ndefu, tuiache.

Kazi yenyewe sasa. Watu wanadhani utashinda unasahihisha "is" na "are", wapi! Ukipewa kozi ya stadi za mawasiliano ya fasti yia unakuta ukumbi una mamia ya watu, wengi wamesoma shule za msingi za serikali kwa Kiswahili, form one mfumo ukabadili gia angani ukawa Kiingereza, wakatoboa kwa kukariri. Hao ukiwapa asaimenti wanakopi neno kwa neno, na sio wizi tu, wengine hawajawahi kufundishwa kusema wazo la mtu kwa maneno yao.

Mimi nafanya hivi: chukua ukurasa mmoja wa somo lao wenyewe, wa sheria wape sheria, wa uchumi uchumi. Wasome mara mbili, wafunike. Kila mtu amgeukie jirani yake amweleze KWA KISWAHILI mwandishi anadai nini na ushahidi wake ni upi, wabishane hapo mpaka waelewane, ndo waandike sentensi tatu za Kiingereza bila kufunua. Wakifunua ni kuhakiki tu na kuweka jina la mwandishi na mwaka. Kelele zitakuwepo, mkuu wa idara anaweza kupita akashangaa, mwache ashangae. Mtu ambaye hajalielewa dai kwa lugha anayoiwaza hawezi kulieleza kwa lugha anayoiogopa, na kuwapigia marufuku Kiswahili darasani mi naona ni kujikomoa tu.

Kusahihisha: usimwage wino mwekundu ukurasa mzima, chagua vitu viwili, dai na ushahidi. Sarufi baadae. Halafu mrudishe akaandike upya, bila hivyo hata hasomi ulichoandika.

Utafiti nao usiuache maana ndo unakupandisha cheo, na mada unazo darasani kwako. Suala la lugha ya kufundishia limeanza kitambo, ripoti ya watafiti Criper na Dodd ya 1984 ilishaonyesha Kiingereza cha sekondari kimekwama, na sera ya elimu ya 2014 ikaruhusu Kiswahili ngazi zote, ila ingia lekcha yoyote usikilize wanafundisha kwa lugha gani. Insha za wanafunzi ni data, omba ridhaa yao na kibali cha chuo kwanza. Usisahau kuna Wasukuma na Wahaya humo, Kiswahili kwao kinaweza kuwa lugha ya pili. Ukiandika kwa Kiswahili, peleka kwenye jarida la Kioo cha Lugha pale TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam.

Hela ya pembeni ipo, kuhariri tasnifu za watu. Hariri tu, usimwandikie. Steshenari za mtaani zinazouza risechi zipo na wateja wao wanajulikana, ukikamatwa huko kazi huna.