Mteja ameingia, bei iko wapi? Namna ya kutengeneza tovuti ya biashara isiyokimbiza watu

Natengeneza tovuti za biashara ndogondogo hapa Dar es Salaam, na karibu kila mteja wangu huanza na ombi lilelile: "Nataka tovuti ambayo mtu akiingia hatoki." Huwa namuuliza, sasa asipotoka atakula wapi? Tunacheka, halafu tunaanza kazi. Mgeni wa tovuti hakai kwa sababu kuna vitu vinavyowakawaka. Anakaa kwa sababu kila anachojiuliza anakikuta palepale kidole kilipo, mpaka anajikuta ameandika, "Habari, hiki kitanda bado kipo?"

Nitumie mfano wa fundi samani wa Keko, maana samani ni biashara ya maswali mengi.

Usianze na rangi. Chukua simu ya biashara, fungua WhatsApp, soma meseji za wateja za miezi michache iliyopita. Kila swali liandike kwenye daftari, na likijirudia lipigie alama. Utakuta: sita kwa sita bei gani? Ni mninga au mkongo? Mko wapi? Mnaleta mpaka Mbagala? Kinachukua siku ngapi? Advansi kiasi gani? Maswali yenye alama nyingi ndiyo yanayokwenda juu ya ukurasa. Historia ya kampuni na dira na dhamira ziende chini kabisa, kama lazima ziwepo.

Sasa bei, ambayo ndiyo ninayobishana nayo kila wiki. "Nikiweka bei, majirani wataniharibia." Jirani yako anaijua bei yako, akitaka anamtuma kijana aje ajifanye mteja. Anayebaki gizani ni mnunuzi. Kama unatengeneza kwa oda na bei inabadilika, andika inapoanzia na kinachoipandisha. Tuseme: "Kitanda cha mninga, sita kwa sita, kuanzia shilingi 850,000. Ukitaka droo za chini au kichwa cha kuchonga, bei inaongezeka." Imeisha. Kumwambia mtu "bei njoo inbox" wakati ameshakuja mpaka kwenye tovuti yako ni kumfungulia mlango halafu ukampitisha dirishani.

Sehemu ya juu inayoonekana kabla mtu hajashusha kidole iwe na vitu vinne tu: unauza nini, uko wapi, picha moja nzuri, na kitufe cha kuwasiliana. "Karibu kwenye tovuti yetu" haijamwambia mtu lolote, na zile picha zinazopokezana zenyewe mimi siziweki hata nikibembelezwa. Mtu anaanza kuangalia sofa, mara imekuja kabati.

Picha nazo zinataka subira. Mteja wako anatumia kifurushi. Picha iliyopigwa kwa simu za siku hizi inaweza kuwa na MB 4 au 5. Ukipandisha kumi kama zilivyo, umemlia mtu MB 40 na zaidi kabla hajajua hata bei ya stuli. Punguza kila picha ibaki na upana wa pikseli kama 1,200, ihifadhi kwa mfumo wa WebP (aina ya faili la picha lililo jepesi), na nyingi zitashuka chini ya KB 200 bila jicho kuona tofauti. Kisha mwambie anayekutengenezea tovuti afanye mambo mawili. Kwanza, picha za chini zisipakuliwe mpaka mtu anapozikaribia, ila ile ya juu kabisa ipakuliwe mara moja. Pili, kila picha itajiwe upana na urefu wake, ili nafasi yake itengwe mapema. Bila hivyo ukurasa unarukaruka: mtu anataka kubonyeza "Vitanda", picha inaingia, kila kitu kinashuka, anajikuta amebonyeza kitu kingine.

Ukimaliza, pima kasi ya tovuti kwa PageSpeed Insights ya Google, ambayo ni bure. Google wanataka kitu kikubwa cha juu kionekane ndani ya sekunde 2.5, na wanapima simu kivyake na kompyuta kivyake. Anza na huo upande wa simu. Ile kompyuta ya ofisini yenye intaneti ya waya itakudanganya.

Kitufe cha WhatsApp kinaonekana kidogo lakini ndicho kinacholeta hela. Link yake huanza na wa.me/ ikifuatiwa na namba yako kuanzia 255, bila alama ya kujumlisha na bila ile sifuri ya mwanzo. Mwishoni unaweza kuongeza maneno yatakayokuwa yameshaandikwa mteja akifungua, mfano "Habari, naulizia kitanda cha mninga sita kwa sita." Kila bidhaa iwe na maneno yake. Mteja haanzi kujieleza, na wewe huanzi na "kipi hicho?" Kifanye kikubwa cha kutosha kidole gumba, na kisifunike bei.

Kila bidhaa iwe pia na ukurasa wake, kwa sababu wengi hawapiti mlango wa mbele. Wanatumiwa link na shangazi kwenye grupu la familia. Hakikisha ikitumwa inatoka na picha ya bidhaa na jina lake, siyo nembo yako tu. Chini ya ukurasa wa kitanda weka kabati na meza ya kujipambia, vyote vya mbao ileile. Hapo ndipo mtu huanza kuperuzi kweli.

Halafu kuna hofu ya matapeli, na watu wana haki ya kuogopa. Picha za kuchukua mtandaoni zinanukia utapeli kutoka mbali. Piga picha karakana yako ilivyo, fundi akipiga randa, vumbi na yote. Weka ramani ya Google. Jina linalotokea mteja anapolipia kwenye Lipa Namba lifanane na jina la tovuti. Likitokea jina jingine, wengi wanaishia hapo. Fomu ikiwepo, iulize jina na simu basi. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, taarifa za watu unazokusanya bila sababu ni mzigo wako.

Kabla ya kutangaza, mpe simu mtu asiyejua chochote kuhusu kazi hiyo, umwambie, "Nitafutie bei ya kabati la milango mitatu." Kisha nyamaza. Usimwelekeze hata akihangaika. Anapokwama ndipo pa kurekebisha.

Baada ya hapo usihangaike sana na dakika ambazo watu wanakaa. Mtu anaweza kukaa muda mrefu kwa sababu amepotea. Hesabu meseji, na kwa kuwa kila moja imekuja na jina la bidhaa, utajua zimetoka ukurasa upi. Bidhaa inayofunguliwa sana na haiulizwi, angalia picha na bei yake. Na ikiuzwa, usifute ukurasa. Andika "Hiki kimeshachukuliwa, tunatengeneza kingine kwa oda," pamoja na siku zinazohitajika, maana ile link bado inazunguka kwenye magrupu.