Ukirusha ndege ndogo karibu na uwanja wenye ndege nyingi

Kazi huanza kabla hujawasha injini. Fungua ramani ya anga uone eneo linaloongozwa na mnara linaanzia wapi na kwa futi ngapi, kisha andika masafa ya redio kwenye karatasi uifunge pajani. Mimi huandika hata mwito wa kwanza: ninayemwita, namba ya ndege, nilipo, kimo, ninachoomba. Sikiliza taarifa ya uwanja iliyorekodiwa, halafu ndipo uite. Panapotakiwa ruhusa, kuambiwa "subiri" si ruhusa, zunguka nje.

Ukipewa agizo, lirudie, hasa namba ya njia ya kurukia na amri ya kusimama kabla ya kuiingia.

Ninachosisitiza kwa kila mwanafunzi wangu ni hewa inayoachwa na ndege kubwa. Kwenye ncha za mabawa yake hutoka mizunguko miwili ya hewa yenye nguvu ya kukupindua, na huioni. Huwa mikali zaidi ndege ikiwa nzito, inakwenda polepole na flapi (vibao vya nyuma ya mabawa) zimefungwa. Hushuka chini ya njia iliyopita ndege ile, mwanzoni futi 300 hadi 500 kwa dakika, na upepo huisukuma. Kwa hiyo unapoifuata ndege hiyo kutua, kaa juu ya njia yake, angalia moshi wa matairi ulipotokea, wewe uguse mbele ya hapo. Ikiwa imeruka, nawe unaruka nyuma yake, nyanyuka kabla ya pale iliponyanyukia. Usidanganywe na hali tulivu: upepo mwepesi wa ubavuni, kama kilomita 6 hadi 9 kwa saa, unaweza kuushikilia mzunguko mmoja palepale juu ya njia ya kurukia.

Ukishamwambia mwongozaji wa mnarani kwamba unaiona ndege kubwa na utaifuata, kukaa mbali nayo kunakuwa jukumu lako. Ukiona haifai, sema "siwezi", au omba dakika 3 za kusubiri. Foleni ya majeti nyuma yako isikuharakishe hata kidogo.

Macho yawe nje muda wote, taa za kutua zikiwaka. Ndege inayosogea kiooni itapita. Ile inayobaki sehemu moja huku ikikua ndiyo mnagongana nayo, iepuke mara moja. Redio ikikata, weka namba 7600 kwenye transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege yako kwenye rada) na utazame mnara: taa ya kijani isiyomweka ni ruhusa ya kutua, nyekundu isiyomweka ni kupisha wengine na kuendelea kuzunguka.