Somo: Kuamsha Honda CG125 ya zamani iliyolala miaka

Somo hili ni la zile pikipiki CG125 za kwanza, za platini (vidole vinavyofunga na kufungua umeme wa bugi) na volti 6. Honda ilianza kuzitoa mwaka 1976, na hapa Goma bado zimo, zimefunikwa na maturubai nyuma ya nyumba. Injini yake haifi upesi. Kinachokufa ni njia ya esansi (petroli) na moto wa bugi (plagi), kwa hiyo usikimbilie kununua pistoni.

Usipige kiki kwanza. Toa bugi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili, acha usiku mzima. Kesho yake weka gia ya juu, zungusha gurudumu la nyuma kwa mkono, polepole. Ringi zilizoshikwa na kutu zitaachia. Ukizilazimisha kavu zinakwaruza silinda. Badilisha oili pia, lita 0.9 hivi. Ukipima, kijiti kiguse tu, usikifunge.

Tanki. Ondoa bomba la esansi, ziba tundu. Weka siki na bolti kumi ndogo, tikisa, acha saa 24. Suuza kwa maji ya magadi, kausha, pakaa oili ndani palepale. Bolti, si kokoto za lava: unga wake mweusi unabaki ndani na kula injini.

Karbirateri. Hapa ndipo kazi ilipo. Fungua bakuli la chini. Esansi ya zamani imekuwa gundi ya kahawia inayonuka kama rangi. Toa jigleri (vipande vyenye tundu dogo la kupitisha esansi) zote mbili, kubwa na ndogo, ziloweke kwenye esansi safi, kisha ziinue kwenye mwanga. Tundu lazima ulione duara kamili. Ndogo ikiziba, zibua kwa uzi mmoja wa shaba kutoka waya wa umeme. Sindano ya chuma inapanua tundu na jigleri imekwisha. Skrubu ya hewa: funga taratibu mpaka iguse, rudisha mzunguko mmoja na nusu.

Moto. Safisha platini kwa msasa laini, futa kwa kitambaa chenye esansi. Mwanya 0.35 mm, na zianze kufunguka kwenye alama F ya gurudumu la sumaku. Bugi D8EA, mwanya 0.6 hadi 0.7. Valvu 0.08 mm, injini baridi, alama T ya gurudumu hilohilo, pistoni juu na valvu zote zimefungwa.

Kabla ya barabara: freni zote mbili, spoku (mawe yetu yanazilegeza), shene ilegee sentimita 2, na pine zenye nyufa zitupwe hata kama zina meno.

Maswali kutoka mitaa ya Goma

*Birere: Inawaka, ikienda dakika kumi inazima. Nikingoja inawaka tena.*
Fungua kifuniko cha tanki inapozima. Ikiwaka mara moja, tundu la hewa la kifuniko limeziba na esansi haishuki.

*Himbi: Bugi inakuwa nyeusi, kavu kama masizi.*
Tuko kwenye mita 1,500 hivi, hewa ni nyepesi, esansi inazidi. Safisha kwanza filta ya hewa. Ikibaki nyeusi, pandisha klipu ya sindano ya karbirateri mfuo mmoja ili sindano ishuke. Isipotosha, punguza jigleri kubwa namba moja.

*Ndosho: Yangu ilitoka Uganda. Watu wanalalamikia taa.*
Kule wanaendesha kushoto, basi mwanga wa chini unainuka upande wa kushoto, ndiko kwetu wanakotoka wanaokuja mbele. Kuinamisha taa hakutoshi. Badilisha kioo chake.