Kuchagua sufuria na kikaango cha kudumu

Ukienda Soko la Mbuyuni mjini Moshi kununua sufuria ya alumini, usitangulie kutazama mng'ao wake. Ibonyeze kitakoni kwa dole gumba, kwa kuwa bati jembamba linalobonyea hupinda upesi juu ya jiko la mkaa na kuunguza mtori, ambao ni mzito na hushika chini. Iweke pia juu ya meza uone kama inayumba. Mchuzi wa nyanya au ndimu usiulaze ndani ya alumini, maana uchachu huila. Kwa kukaangia, ninapendekeza kwa dhati kikaango kizito cha chuma. Vile vyenye utando wa kuzuia kushika huharibika vikipita takriban nyuzi 260 za Selsiasi, joto ambalo mkaa hulifikisha kwa urahisi vikiachwa vitupu jikoni.