Poda ya Talki: Namna ya Kuitumia, na Pale Isipofaa

Kaskazi inapoanza na usiku wa Disemba kukosa upepo, harara huwatoka watu wengi Unguja na Pemba, na kopo la poda ndilo la mwanzo kushikwa. Poda hiyo, ikiwa ni ya talki, ni madini laini mno ya magnesi na silika. Haitibu harara; kazi yake ni kunyonya unyevu kidogo na kupunguza msuguano wa ngozi kwa ngozi.

Kwa mtu mzima, koga kwanza kwa maji baridi, kisha jikaushe kwa kanga kuukuu iliyo safi, ukibonyeza bila ya kusugua na kukikunjua kila kikunjo cha shingo na kwapa, kwa kuwa poda ikikuta jasho hugandamana ikawa vijidonge vinavyochubua. Mimina kidogo katika kiganja, mbali na uso, sugua viganja viwili mpaka vumbi litulie, ndipo upanguse ngozini. Kopo lisitikiswe hewani. Kwa mtoto mchanga mimi sishauri talki kabisa, kwani mapafu yake ni madogo na vumbi hilo huelea. Maji, upepo na nguo nyepesi ya pamba humtosha. Wala isitiwe kitovuni.

Isipakwe pia penye jeraha wala sehemu za siri. Sababu yake huonekana vizuri hospitalini: maji yanapojaa tena na tena baina ya pafu na ukuta wa kifua, hasa kwa mgonjwa wa saratani, daktari huweza kupitisha kwa mrija gramu 4 au 5 za talki iliyouliwa vijidudu, ili iwashe tando mbili, ule unaofunika pafu na ule wa ukuta wa kifua, mpaka zishikane na maji yakose nafasi. Muwasho huo, ambao pale ndio dawa, kwengineko mwilini ni madhara. Zamani glavu za upasuaji zilipakwa talki, ikaachwa baada ya kuonekana kuwa chembe zake huacha uvimbe na makovu tumboni.

Katika vidonge, talki huzuia unga wa dawa usigande kwenye mashine, na ikimezwa hupita tumboni bila ya kunyonywa mwilini. Lakini kidonge kisisagwe kikadungwa mshipani, kwani chembe hizo hukwama katika mapafu.

Dukani, soma kibandiko kabla ya kulipa. Mwaka 2023 Johnson & Johnson iliacha kuuza poda ya watoto yenye talki duniani kote, ikabaki ya wanga wa mahindi, na mwaka 2024 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka talki katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Kopo lisilotaja kilichomo ndani, lirudishe rafuni.