Ndoo Moja kwa Kila Tuta Ndiyo Inayoua Bustani Yako

Likikaribia jua la Oktoba, ukipita kwenye bustani za nyumbani mkoani Mtwara, kuanzia Mikindani hadi Masasi, unakuta hali ileile. Mama kaamka alfajiri, kachota maji mbali, kamwagilia matuta yote, lakini ikifika saa sita mchana mchicha umelala. Jirani anamwambia mbegu ni mbovu, mwingine anamwambia anunue dawa. Mara nyingi hakuna ugonjwa. Maji yameishia juu ya mchanga.

Fuata hesabu hii taratibu. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 5 lina mita za mraba 5. Ukilimwagia ndoo moja ya lita 20, kila mita ya mraba inapata lita 4, sawa na mvua ya milimita 4. Kwenye mchanga wetu mkavu maji hayo yanalowesha kama sentimita 4 tu kwenda chini. Jua la msimu huu likisaidiwa na upepo huondoa milimita 5 au zaidi kwa siku. Ulichomwaga asubuhi hakifiki kesho. Mizizi nayo hufuata unyevu, kwa hiyo inabaki juu, palepale ambapo mchanga unaunguza nyayo mchana.

Tuta la ukubwa huo linataka ndoo 4, yaani lita 80, kwa mara moja. Usizimwage kwa mpigo. Mchanga uliokauka sana hukataa maji mwanzoni, yakakimbilia pembeni. Mwaga ndoo 2, subiri dakika 15, kisha malizia 2 zilizobaki. Baada ya nusu saa fukua kwa kisu katikati ya tuta: unyevu uwe umefika sentimita 15, kina cha kiganja kilichonyooshwa. Ukikuta vumbi kwenye sentimita 5, hujamwagilia, umelowesha vumbi.

Najua mtaniuliza maji yatoke wapi, hasa ninyi wa Newala na Tandahimba mnaonunua kwa ndoo. Yatoke kwenye ndoo zilezile. Mwenye matuta 8 anayebeba ndoo 8 kila siku aache matuta 2. Abaki na 6, na kila siku amwagilie mawili tu, ndoo 4 kila moja. Kila tuta litapata zamu yake baada ya siku 3, kwa maji yaleyale anayobeba sasa. Nawasihi mnisikie hapa, maana ndipo wengi wanapogoma: kung'ang'ania matuta 8 yenye kiu ni kupoteza maji, mbegu na nguvu za mama aliyebeba ndoo. Punguza bustani.

Zamu ya siku 3 inawezekana tu kama tuta lina matandazo. Tuta lililo wazi litahitaji maji kila baada ya siku moja. Tandaza nyasi kavu au maganda ya karanga, unene wa sentimita 5 hadi 8, na uache nafasi ya sentimita 5 kuzunguka shina ili lisioze. Inauma kuona nyasi zinafyekwa mikoroshoni na kuchomwa moto wakati bustani nyuma ya nyumba iko uchi! Ila usichukue nyasi zilizoshika mbegu, wala zile za chini ya mikorosho iliyopuliziwa dawa karibuni, kwani hapa tunakula majani. Mchwa ukiuona, inua matandazo hapo na uloweshe.

Mbegu zinazoota na miche iliyohamishwa karibuni havimo kwenye zamu hii. Mizizi yake bado mifupi, kwa hiyo ipe maji kidogo kila siku kwa siku 10 za kwanza, kisha iingize kwenye zamu.

Jambo jingine ni umbo la tuta. Tuta la kuinuka ni la masika. Kiangazi, kwenye mchanga, humwaga maji pembeni na kukauka pande zote. Mwezi wa Agosti au mwanzoni mwa Septemba chimba tuta lizame sentimita 10 chini ya usawa wa njia, uzungushie kingo, uchanganye madebe 2 ya samadi iliyooza. Narudia, iliyooza: samadi mbichi pamoja na joto hili itaunguza mizizi.

Mwagilia kati ya saa 12 na saa 2 asubuhi, au baada ya saa 11 jioni. Nyanya zipewe asubuhi, chini ya shina, majani yasilale yamelowa. Saa saba mchana hapana, hata kama mmea umenyauka. Jua lenyewe litakunywa kabla ya mizizi.

Ukiweka makuti ya kivuli, yawe mita 1 hivi juu ya tuta, yaachane kiasi cha kiganja ili mwanga upite, na upande wa magharibi yashuke chini zaidi, maana jua la alasiri ndilo kali. Kwenye kitalu yaanze kupunguzwa siku 7 kabla ya kuhamisha miche.

Majani yakiwa yamesimama saa nne asubuhi siku ya tatu, maji yanatosha.

Mvua zikianza, Novemba au Desemba, vunja kingo upande mmoja siku hiyohiyo. Tuta lililozama likikaa limejaa maji linaweza kuozesha mizizi.